Gari la Scholastique Litatangulia

Jumapili, tarehe 3 mwezi wa nane

Zimebaki siku sita. Jumamosi binti yangu Ornella anaolewa kanisani Mudzipela, na atatoka hapa kwetu Bigo, mjini Bunia, ndani ya gari la marehemu mama yake, Scholastique. Nimelitangaza leo mbele ya familia yote baada ya misa, nikiwa nimesimama. Nilijisikia vizuri sana.

Gaspard, kaka wa marehemu, hakusimama. Alisema akiwa ameketi, mdomo umejaa ndizi, kwamba katika ukoo wao mjomba ndiye anayemtoa bibi arusi nyumbani, na yeye ana jeep. Akaongeza: "Shemeki, ile gari yako iko inalia sawa mbuzi." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Gari halilii. Ni breki tu, tena asubuhi tu.

Tumekubaliana. Gari likifika Jumamosi likiwa zima, linatangulia. Likileta aibu, Ornella anahamia kwenye jeep, nami nafuata nyuma.

Gari dogo la Kijapani, usukani kulia. Scholastique alilinunua kwa biashara yake ya vitenge. Dereva alikuwa yeye. Mimi nilikaa kushoto, pale ambapo magari mengi ya hapa yana usukani, na watu wa njiani walinisalimia wakidhani ninaendesha. Nilikuwa nawainulia mkono. Miaka tisa. Hakunikataza hata siku moja.

Jumatatu, tarehe 4

Kazi imeanza. Nimetoa daftari la marehemu kwenye kisanduku cha mbele cha gari. Mwandiko wake ule ule, umeinama kama mtu anayefagia. "Maji ya radiateri: asubuhi, moteri ikiwa baridi. Upepo wa tairi: kabla ya safari. Mafuta ya moteri: kila Jumamosi, kwa Emerance."

Emerance ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwenye uwanja mpana wa saruji. Nawajua wale wawili. Kila Jumamosi saa nzima, karanga na vicheko. Mafuta ya moteri yalikuwa kisingizio. Mimi sihitaji kisingizio. Nimepima hapa hapa kwetu, kwenye mteremko, matofali mawili nyuma ya magurudumu, pua ya gari ikitazama juu. Nimevuta kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakivuta tena. Hivyo hivyo kama alivyofanya yeye.

Mafuta yako chini ya alama. Nimeongeza nusu lita.

Miezi minane tangu atuache, na hakuna aliyeniambia kwamba gari nalo lina kiu. Nimegundua mwenyewe.

Jumatano, tarehe 6

Nimetatua suala la breki. Nimechunguza: zinalia mara nne za kwanza baada ya mvua ya usiku, kisha zinanyamaza. Basi Jumamosi nitaamka mapema, nitalisogeza gari uani na kukanyaga breki mara kumi. Litamaliza kilio chake kabla wageni hawajavaa viatu. Fundi angelifungua magurudumu yote manne. Mimi nimetumia akili.

Mafuta ya moteri: chini tena. Nusu lita nyingine.

Taa ndogo ya njano imewaka mbele ya usukani. Ornella amebakiza kadi za mwaliko. Nimekata ua la karatasi kwenye moja, nikalibandika juu ya taa. Limekaa vizuri sana. Taa ikiwaka, ua linang'aa.

Alhamisi, tarehe 7

Gaspard amepita mbele ya nyumba mara tatu na jeep iliyooshwa. Mara ya tatu alisimama na kusema: "Shemeki, gari yako iko inavuta tumbako." Nimemjibu kwamba ni pumzi tu. Asubuhi za Bunia zina baridi, hata yeye anatoa moshi mdomoni. Akauliza nani amenifundisha magari. Nikamwambia nilichunga depo ya saruji miaka ishirini na hakuna mfuko uliopotea. Aliwasha jeep akaenda, taratibu, ili nione matairi mapya.

Mafuta chini. Nusu lita.

Leo nilipowasha gari, yule mama wa Kijapani aliyemo ndani ya redio alisema maneno yake ya kila siku. Hatujawahi kujua anasema nini. Scholastique alikuwa anamjibu: "Na weye pia, mama." Nami nimemjibu. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Ijumaa, tarehe 8

Fundi Kasereka amepita akielekea kazini. Aliinama, akanusa, akauliza: "Muzee, mafuta unapimaka wapi?" Nikasema hapa nyumbani kwangu, kwani nipime wapi? Akaangalia matofali, akaangalia mteremko, akasema nipeleke gari kwa Mama Emerance, pale ni sawa sawa, halafu nipime. Nimemshukuru kwa heshima. Hata fundi anataka karanga za watu.

Nimepima hapa hapa. Chini. Nusu lita, ya mwisho, ya kuliaga gari kabla ya siku yake kuu. Kisha nimelifunga utepe mweupe mbele. Hakuna gari Bigo yote linalotunzwa hivi.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika kabla ya kurudi ukumbini. Shati limelowa.

Breki zililia zote alfajiri, kama nilivyopanga. Jirani mmoja alikuja kuuliza kama tunachinja.

Saa nne Ornella alitoka na gauni lake. Alisimama mbele ya gari, akagusa utepe. Gaspard alivaa suti nyeupe. Nikawasha. Mama wa Kijapani akasema maneno yake, na Ornella kutoka nyuma akamjibu: "Na weye pia, mama." Ilinibidi nipanguse kioo, ingawa kioo kilikuwa safi.

Tukatangulia. Magari tisa nyuma yetu, honi zote zinalia. Nilikuwa na fahari ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilipotazama kioo cha nyuma, msafara haukuwepo. Kulikuwa na wingu. Jeupe, zito, limejaza njia nzima, na ndani yake honi. Motari, wale wa pikipiki za abiria, waliwasha taa mchana. Mama mmoja wa mihogo alifunika beseni lake na kutuombea. Ua la karatasi liling'aa kuliko siku zote.

Hatua hamsini kabla ya kanisa, gari likakohoa mara tatu, likazima.

Gaspard alitoka ndani ya wingu. Suti haikuwa nyeupe tena. Akafungua mlango wa Ornella, akamwambia haya, mutoto, ingia jeep, aibu imefika. Ndivyo tulivyokubaliana. Nilishika usukani nikaangalia mbele.

Ornella hakushuka. Akasema: "Mujomba, siye tunaingia na gari ya mama. Kama unataka kunitoa, sukuma."

Gaspard alimtazama. Ana macho ya dada yake, yule mtoto. Akavua koti, akaenda nyuma, akasukuma. Wanaume wengine wakaja, wanakwaya wakaanza kuimba, na tukaingia uwanja wa kanisa bila moteri na bila moshi, taratibu, kama watu wakubwa. Mlangoni Gaspard alisema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba mila imetimia, mjomba amemleta kwa mikono yake mwenyewe. Nilimpa kitambaa changu ajipanguse. Alisema, "Asante, shemeki." Kisha tukalia kidogo sote wawili, yeye akisingizia moshi.

Gari la Scholastique lilitangulia. Iandikwe hivyo.

Jumapili, tarehe 10

Kasereka amelivuta gari hadi uwanja wa Emerance. Ametoa karibu lita mbili za mafuta yaliyozidi, akasafisha plagi, akanieleza pole pole. Gari likiinama, mafuta yanakimbilia upande mmoja na kijiti kinadanganya. Lazima liwe mahali pa sawa, pasipo mteremko, na moteri ipumzike kwanza. Emerance akasema ndiyo, marehemu alikuwa analeta gari pale kila Jumamosi, na wakati moteri inapumzika wanakula karanga. Ndiyo hiyo saa nzima.

Akaniwekea sahani. Nilikula. Nimeelewa yote. Mke wangu alikuwa mtu wa akili nyingi, nami nilimwambia Emerance hivyo.

Nikaliendesha gari hadi nyumbani bila moshi hata kidogo. Nikaliegesha mahali pake, matofali mawili nyuma. Likapumzika, kama fundi alivyosema. Nikavuta kijiti ili tu nijiridhishe.

Mafuta yako chini ya alama. Kasereka ametoa mengi mno. Ni kijana mzuri, lakini ana haraka.

Bahati nilimwomba ile bidoni, dumu alimotia mafuta aliyoyatoa. Nimerudisha yote. Kesho naenda kwa Gaspard, nikamsaidie kupima mafuta ya jeep yake.