Ndani ya Kombe Kuna Nini

Jumatatu, 16 Juni 2025

Donatus kasimulia tena. Yeye ndiye mwenye mashine ya kukoboa mpunga inayotazamana na duka langu la fotokopi hapa Kagongwa, na mwaka jana alimpeleka mwanawe Luka Dar es Salaam kuona fainali. Kagongwa nzima tumeshakariri! Leo kaongeza kwamba Luka aliliona kombe kwa karibu. Binti yangu Limi, miaka tisa, kamuuliza Luka ndani ya kombe kuna nini. Luka hajui. Donatus hajui. Limi kanigeukia mimi. Aibu.

Nimewaza mchana kutwa. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, sijui ndani ya kombe kuna nini!

Jumapili kuna fainali ya timu za wachimbaji, Shinyanga mjini: Mwakitolyo na Geita. Lakini ukiwa jukwaani utaona nini? Wanaolikaribia kombe ni wakubwa, pamoja na wale watoto wanaoingia uwanjani wameshikana mikono na wachezaji. Watoto! Nimechapa barua papo hapo: Kituo cha Kukuza Vipaji vya Soka, Kagongwa. Mkurugenzi: mimi, Benjamini. Nembo ni simba. Wino ulikuwa unaisha, katoka kama mbuzi. Nimetuma hivyo hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Wamekubali! Mama Klara, katibu wa kamati ya mashindano, kapiga simu mwenyewe. Kasema nilete watoto ishirini na wawili. Nikamjibu hakuna shida.

Ninaye mmoja.

Alhamisi, 19 Juni

Nimezunguka nyumba hadi nyumba. Mama Blessing kakubali kwa sharti Blessing arudi na viatu vyote viwili. Hadi jioni nimefikisha ishirini na mmoja. Aliyebaki ni Luka.

Nikaenda kwa Donatus. Kanikaribisha kwa “Mwangaluka!” ya furaha mno, salamu ya asubuhi, wakati jua linazama. Nikajua kashasikia. Kamtoa Luka, na lori lake la mpunga kalitoa, ila lazima yeye awe Naibu Mkurugenzi. Nimekubali. Imeniuma.

Ijumaa, 20 Juni

Mazoezi, uani kwa Donatus. Kutembea wawili wawili, mkono kwa mkono. Ndama wa mzee Ndaki alikatiza katikati, watoto wakatawanyika. Nikawaambia kwa ukali: atakayeachia mkono wa mwenzake halioni kombe! Baada ya hapo wamenyooka. Limi kauliza mwamuzi yeye huwa anashikwa mkono na nani. Sijui. Mbona hakuna anayemshika?

Jumapili, 22 Juni

Tumefika salama. Watoto wameingia na wachezaji, wamependeza. Machozi yalinilenga. Kombe lilikuwa mezani, linang'aa, lakini mlinzi hakuruhusu mtu asogee.

Kisha Mama Klara kanifuata. Kasema kwa kuwa sisi ni kituo cha vipaji, mapumziko watoto wetu watacheza dakika kumi na watoto wa Mwakitolyo. Wangu wamejifunza kutembea tu! Nikamwambia wanaumwa magoti. Kauliza wote? Nikasema wote. Donatus kadakia kwa sauti, “Watacheza, mama! Wako vizuri!”

Wameingia wawili wawili. Mkono kwa mkono. Filimbi ikalia, hakuna aliyeachia. Mpira ulikuja, jozi sita zikaukimbilia, zikanasana kama kamba. Golini Limi na Blessing wameshikana vilevile, kila mmoja anamvuta mwenzake upande wake. Saba bila! Uwanja mzima ulicheka, halafu ukapiga makofi. Walipotoka Limi alikuwa analia. Kanambia hakuachia, baba, hata mara moja.

Hapo nilishindwa. Nimemwendea Mama Klara, nimempa shikamoo, nimemwambia kweli yote: hakuna kituo, kuna mashine ya kuchapa na mtoto anayetaka kuchungulia kombe. Nikasubiri polisi. Kauliza, “Na ile nembo ni mbuzi?” Kisha kamshika Limi mkono, kampeleka mezani.

Limi kainama, kachungulia, kakaa humo weee. Nikamuuliza kuna nini. Kasema kuna yeye, kichwa chini. Kichwa chini? Nikachungulia. Kweli! Mimi, juu chini, na uwanja wote unaning'inia! Donatus naye kaingiza kichwa, tumegongana mapaji. Tukabishana kwa nini iko hivyo, mimi nikisema ni mng'ao, yeye akisema ni mviringo. Nyuma yetu kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza, na uwanja ukalipuka. Goli! La pekee la fainali nzima, na wakurugenzi wote wawili tulikuwa ndani ya kombe.

Geita wamechukua. Viatu vya Blessing vimerudi vyote.

Jumanne, 24 Juni

Nimetubu. Mke wangu Rhoda kanisema hadi nimeapa: sichapi tena barua ya uongo.

Saa nane mteja kaleta tangazo nimtolee nakala. Fainali ya mbio za baiskeli, Geita, mwezi ujao! Nimegundua gari la huduma ya kwanza huwa linatangulia mbele ya wote. Kutoka humo mtoto anaona kila kitu! Nimenunua wino mpya. Huduma ya Kwanza Kagongwa. Daktari Mkuu: mimi.

Limi kauliza kama najua kufunga bandeji. Nimemwambia hiyo si kazi ya Daktari Mkuu. Hiyo atafanya Naibu, na Donatus ameshakubali.