Picha ya Thelathini na Sita

Redio ya mtaa ilikuwa haijamaliza tangazo la kondoo aliyepotea hapa Lafiabougou, ana doa jeupe na anaitika akiitwa, ikarukia jingine. Mzee Dembélé wa Medina Coura, wa mwisho kwetu anayejua kusafisha mikanda ya kamera za zamani, anafunga chumba chake cha giza leo hii. Dawa zinamwishia. Mwenye mkanda aulete kabla ya Magharibi, atakayechelewa akafungie nao mbuzi.

Povu aliliacha birika lifurike juu ya makaa. Huyu ndiye mpika chai wa kijiwe chetu, kwao anaitwa Fousseyni Diarra.

"Kliki Moja! Umesikia hiyo?"

Kliki Moja, yaani Solo Traoré, mstaafu wa reli, alikuwa anafuta lenzi kwa ncha ya kilemba cha mkewe. Kamera yake ana nayo mwaka wa arobaini na tano. Chuma kitupu, haijui betri, kila kitu unazungusha mwenyewe kwa vidole. Mkewe anaiita mke mwenza, na analalamika kwamba ndiyo inayolazwa upande wa ukutani.

"Nimesikia," akasema. "Mungu ampe Dembélé mapumziko mema."

"Mapumziko! Harusi yangu imo humo ndani!"

"Imo, salama salimini. Mkanda umebakiza picha moja tu."

"Umebakiza picha moja tangu mwaka juzi!"

Msidhani Povu anatia chumvi. Mwaka juzi alimuoa Nagnouma, bibi harusi mzuri mpaka imamu alirudia dua mara mbili. Picha za shangazi mtu zilitoka vidole vitupu. Simu ya Waziri, mwenzetu wa tatu, ilitumbukia kwenye sufuria la mchuzi wa karanga siku hiyohiyo, na mchuzi ukaliwa. Ikabaki kamera ya Solo. Sasa Solo ana sheria yake: jambo moja, kliki moja, na mkanda hautoki mpaka picha ya thelathini na sita ipigwe. Na hiyo ya mwisho lazima istahili. Amekwisha kuwanyima kliki hiyo upinde wa mvua juu ya daraja na dume la kondoo la Tabaski, Idi yetu ya kuchinja, lenye ukubwa wa ndama. Aliwanyima hata mapacha wa Povu siku ya kupewa majina. Alisema watoto wa siku saba wote wanafanana.

"Piga chochote, mzee wangu, twende," Povu akabembeleza. "Piga ule ukuta."

"Ukuta una jambo gani la kusema?"

"Nipige mimi basi!"

"Nipoteze picha kwa Diarra? Tulia, mla maharage we."

Hapo Povu alisahau shida zake zote. Traoré na Diarra ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikuita mla maharage ukanyamaza, umekubali.

"Mimi? Tangu nitoke tumboni kwa mama sijagusa maharage! Walafi wa maharage ni nyie kina Traoré, mnayala mpaka mnatoa hotuba kwa nyuma! Nani ana ushahidi kwamba Diarra kala? Alete!"

"Ushahidi unakuja," akasema Solo, na lenzi akaifuta tena.

Waziri akakohoa. Jina la Waziri tulimpa kwa sababu hawezi kuomba hata sukari bila kusema "kwa mtazamo wangu".

"Kwa mtazamo wangu, tatizo ni ukale. Dunia imeendelea, kaka. Simu yangu hii mpya ina macho manne na picha elfu kumi na moja ndani."

"Elfu kumi na moja!" Solo akajipiga kofi gotini. "Haya, nionyeshe ya mama yako."

"Hiyo tu? Dakika moja."

Waziri akaanza kusukuma kwa kidole. Kuku. Kuku yuleyule. Goli la mpira. Goti la mtu. Risiti. Paji la uso wake mwenyewe mara arobaini. Tukanywa chai ya kwanza, kali ya kukunja uso, bado anasukuma. Povu akamimina ya pili, kidole cha Waziri kimepata moto, mama hajaonekana.

"Alikuwemo humu," akasema kinyonge.

Solo akatia mkono kifuani, akatoa picha ndogo nyeusi na nyeupe iliyochakaa pembe. Mama yake mzazi, amesimama mlangoni kashika kata. "Nilipiga moja tu," akasema. "Mwaka uleule nilioipata kamera." Hata mimi, ambaye hapa kijiweni wananiita Redio Mbao kwa kupenda maneno, niliipokea kwa mikono miwili. Ninampenda mzee huyu, nakiri, hata akiniudhi.

Ndipo Nagnouma alipokata kona, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi, sanduku kichwani.

"Shemeji zangu, nawasalimu. Redio nimeisikia."

"Mke wangu, tua sanduku kwanza," Povu akasema.

"Nilishakwambia, siku Dembélé akifunga chumba, nami nafunga sanduku. Nina watoto wawili, na shoga zangu wananiuliza niliolewa lini, kwani picha hawajaiona. Leo nikikosa picha, basi la kwetu Kayes linanijua. Mzee Solo, nisamehe, lakini chagua. Hiyo picha yako moja au ndoa yangu."

Povu akawa mweupe kama povu lake. Solo akatutazama mmoja mmoja, halafu akauliza taratibu, "Hivi kijiwe hiki kina miaka mingapi?"

"Thelathini na ushee," nikasema.

"Kuna picha hata moja tuliyomo wote?"

Hakuna. Siku zote yeye yuko nyuma ya kamera.

"Basi hiyo ndiyo iliyokuwa inasubiriwa. Nagnouma, utapiga wewe."

Lo! Tulivyokurupuka. Nagnouma akatua sanduku, pacha wa mkononi akamkalisha juu yake. Waziri akachomekea shati. Mimi nikavaa kiatu cha pili. Solo akakitazama kiganja chake juani, ndivyo anavyopima mwanga, akazungusha hiki, akarekebisha kile, akahesabu hatua sita kutoka benchi, akachora mstari chini.

"Simama hapa. Usipumue. Zungusha lenzi mpaka pua ya mumeo itulie."

"Pua yake haijawahi kutulia."

"Basi chukua ya Waziri!"

Tukakaa, mabega yamebanana, Solo katikati yetu kama bwana harusi. Nagnouma akabonyeza. Ka! Tukapiga vigelegele mpaka mapacha wakalia. Solo akasimama afuate kamera yake, arudishe mkanda kwenye kopo, lakini Waziri alishafika.

"Ngoja tuone kama imetoka," akasema, na akafungua mgongo wa kamera juani.

Solo aliruka kama kijana, akaubamiza mgongo ukafunga.

"Waziri! Umeichoma!"

"Kwani hainaga kioo cha kutazamia?"

"Harusi yangu!" Nagnouma akalipandisha tena sanduku kichwani.

"Tulieni!" Solo alihema. "Mkanda unajiviringisha. Za mwisho ziko nje, hizo jua limezila. Za kwanza ziko ndani kabisa, zimefunikwa na wenzao. Na mimi nilianza na harusi." Akaipangusa kamera vumbi. "Ya kijiwe ndiyo imekwenda."

Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, yeye aliyeilinda miaka miwili. Waziri, bila kutoa mtazamo wowote, alimpakia Solo kwenye pikipiki yake, wakapotea na vumbi kwenda kwa Dembélé.

Kesho yake baada ya swala ya Alasiri Solo alikuja na bahasha. Nagnouma alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, anasubiri. Picha kumi na nne, na zote zimetoka. Nagnouma anashuka garini. Nagnouma anacheka, mkono mdomoni. Nagnouma na baba yake, mzee anajifanya halii. Mwenyewe akawa anazibusu moja moja.

"Na mimi?" Povu akauliza. "Kumi na tatu hizi, sipo hata moja!"

"Jambo moja, kliki moja," akasema Solo, akatoa ya kumi na nne, akaiweka juu ya sinia la chai.

Povu huyo, siku ya harusi yake, amechuchumaa nyuma ya masufuria, joho jeupe kalikunja mpaka kiunoni, mashavu yamevimba, bakuli magotini. Picha safi, unaweza kuhesabu punje za maharage.

"Miaka miwili umekaa na hii!" nikapiga kelele. Waziri alishaanguka kwenye benchi.

Nagnouma alicheka mpaka machozi, akalisukuma sanduku kwa mguu. "Kayes siendi tena. Natafuta fremu, hii inakaa mkabala wa mlango, kila Traoré akiingia aione."

Povu aliinama juu ya sinia, akaitazama sana, akitafuta pa kutokea.

"Lakini tazameni vizuri, jamani," akasema. "Hizo ni kunde."