Ndugu wa Bibi Harusi Hashiki Kamera

Jumatatu, 7 Julai

Baridi, vumbi, na habari mbaya. Dada yangu mkubwa, Marthe, anaolewa Jumamosi, na atakayepiga picha ni Amisa. Si mimi. Mimi, Nahum, mdogo wake wa tumbo moja, mpiga picha wa harusi tangu mwaka jana, mwenye kamera na mkanda wa ngozi.

Nilimwuliza sababu. Akasema ninaijua. Anamaanisha harusi ya Bibiche, jirani yetu. Siku ile nilipanda juu ya paa la ukumbi nikapiga picha zote kutoka huko, kwa sababu picha ninayoipenda kuliko zote ni ile ya juu: watu wote, ua wote, harusi nzima kama Mungu anavyoiona. Bibiche alipoziona aliuliza yeye ni yupi. Nilimwonyesha. Kumbe nilimwonyesha mama mkwe wake. Kosa dogo, lakini mji wetu, Kamina, hausahau.

Marthe akakata maneno kuhusu Jumamosi hiyo, ambayo kwetu ni siku ya posho. "Siku ya posho weye utakuwa ndugu ya mariée. Njo kazi yako. Ndugu ya mariée hapana kushika kamera."

Baba alikuwa ameketi karibu na mbabula, anaota moto. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, wakati bado anafanya kazi ya reli. La kulia lina mtoto wa jicho. Baada ya harusi anakwenda Lubumbashi kupasuliwa, na anaogopa ingawa hasemi. Alisema jambo moja tu: kabla ya kisu anataka foto moja, yeye na watoto wake wote. Nilimwahidi itakuwa nzuri. Akasema hakuomba nzuri, aliomba wote.

Jambo la pili. Mtandao mmoja wa Lubumbashi unakusanya picha za harusi za wapiga picha wanaoanza kazi. Kila mmoja atume moja anayoipenda kuliko zote. Studio kubwa itamchukua mmoja wetu kumfundisha. Mimi picha hiyo bado sina. Inanisubiri kwenye harusi ya Marthe, najua.

Jumanne, 8 Julai

Nilikwenda dukani kwa mzee Ramazani, muuza vitambaa, baba yake Amisa. Mimi na Amisa tulijifunza kazi pamoja kwa mama Tshiala, anayepiga picha za vitambulisho. Mama Tshiala alikuwa akisema Nahum ana haraka na Amisa ana subira. Tangu hapo subira siipendi.

Mpango: kujitolea kuwa msaidizi wake. Nibebe mfuko, nishike taa, na akigeuka tu, nipige. Nilimwambia nafanya hivyo kwa ajili ya umoja wa vijana. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimkatia mteja kitambaa. Akasema aksanti, mfuko wake ni mwepesi.

Nikauliza atatuma picha gani Lubumbashi. Bado hajaamua, lakini alinionyesha moja kwenye simu anayoipenda: mkono wa bibi mzee ukifuta poda iliyozidi shavuni mwa bibi harusi, mlangoni, kabla hajatoka. Basi. Hakuna gari, hakuna keki, hata bwana harusi hayupo. Nilimwambia bibi mzee amekatwa kichwa. Akasema anajua. Nikamwambia kitaalamu ni kosa. Akasema labda.

Niliitazama kwa muda, nikitafuta makosa mengine. Kwenye kidole cha bibi kulikuwa na pete nyembamba iliyolika. Nimeikumbuka jioni yote, na inaniudhi.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nilimtumia tantine Émerence, dada yake Baba. Ukimwambia siri asubuhi, mchana inakurudia ikiwa imenenepa. Nilimwambia kwa masikitiko makubwa kwamba Amisa ni Mwislamu, ibada yetu haijui, atapita mbele ya mchungaji katikati ya maombi, na aibu itakuwa ya ukoo. Nilitegemea aende kwa Marthe.

Hakwenda kwa Marthe. Alikwenda moja kwa moja kwa Amisa, akamwambia usoni.

Amisa hakukasirika. Alijitanda kitambaa chake vizuri, akaenda kanisani kumwomba mchungaji amweleze ibada yote: asimame wapi, atulie lini, wakati gani haifai kupiga kabisa. Mchungaji alifurahi mno. Alisema tangu aanze kufungisha ndoa hapa hajaona mpiga picha wa kuuliza. Amempa ruhusa ya kusimama karibu na madhabahu. Mwaka jana mimi nilisimama hapohapo, akanifukuza kwa kidole huku akiendelea kuomba, macho amefumba.

Tantine aliniletea habari hizi kama zawadi. Akanishukuru kwa wazo langu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata mahali.

Sherehe itafanyika uani kwetu, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Nyuma ya ua kuna tangi kuukuu limesimama juu ya miguu ya chuma. Maji halina tena. Marthe amekataza kamera harusini, lakini tangi liko nje ya ua. Kwa hiyo sijavunja neno la mtu.

Mlinzi wake ni mzee Mukendi. Alikataa. "Muntu akianguka, minyi nitasema nini?" Nikamwambia kamati ya harusi imenituma kuangalia usalama wa wageni kutoka juu. Nikaongeza ahadi ya sahani ya nyama ya mbuzi kesho harusini. Aliufikiria usalama wa wageni kidogo, na mbuzi sana. Akakubali, ila kwa sharti: nikishapanda atafunga mlango wa ngazi kwa kufuli, watoto wasije kunifuata. Nilimsifu kwa uangalifu wake.

Jumamosi, 12 Julai

Kanisani nilikuwa ndugu mwema. Nililia kidogo, mahali panapofaa. Amisa alitembea kama paka. Nusu ya waumini hawakujua kama kuna mtu anapiga picha. Huko ndiko kufanya kazi? Mteja atajuaje?

Mchana, wageni walipoanza kula, niliingia chumbani, nikaitoa kamera chini ya godoro, nikapanda. Mukendi akafunga kufuli na kumfuata mbuzi wake.

Nasema kweli, huko juu kulikuwa kuzuri. Tulikuwa tumeshona sare ya ukoo, bluu na manjano, na rangi hizo zilijaa ua mzima. Reli zilikwenda mpaka jicho linaposhindwa. Marthe alikuwa akizunguka kwa wageni ameinua gauni lisiguse vumbi, na mumewe Mwenze nyuma yake amebeba kiti, kama atachoka wakati wowote. Nilipiga, nikapiga.

Kisha nikamwona Amisa anapanga familia yetu. Baba katikati, kwenye kiti. Marthe na Mwenze, ndugu zetu wengine, tantine. Nikasikia jina langu likiitwa. Nikapunga mkono. Hakuna aliyeinua macho. Nani anatazama tangi lisilo na maji? Walinitafuta jikoni, barabarani, chooni. Niliteremka mbio mpaka mlango wa ngazi. Kufuli. Nikamwita Mukendi. Nilimwona kwa mbali, ana mfupa mkononi, anacheza. Nikagonga chuma kwa jiwe. Mpiga ngoma akaupenda mdundo, akaufuata.

Baba alikuwa ameweka mkono wake juu ya kiti kitupu cha kuumeni. Mtoto wa shangazi alitaka kukikalia, mkono haukutoka. Marthe akainama kumwambia kitu. Baba akatikisa kichwa. Wakangoja, wote, wamesimama katika vumbi na nguo zao nzuri.

Nikarudi juu. Kama siwezi kuwa ndani ya picha, angalau niipige. Niliipiga: familia nzima imetulia, na ule mkono juu ya kiti. Nilijua ndiyo picha ya maisha yangu.

Mwishowe mwanga ulianza kupungua, na Amisa akapiga bila mimi. Mukendi alirudi baadaye sana, anachokonoa meno, akaniuliza kama wageni wote wako salama.

Jumapili, 13 Julai

Nimefungua picha kwenye kompyuta. Pale juu, mbele ya tangi, kuna waya wa ukingo, na lenzi ililenga huo badala ya watu. Picha ya maisha yangu ni picha ya waya. Umetoka vizuri, kila doa la kutu linaonekana. Nyuma yake kuna ukungu wa bluu na manjano, ambao ni familia yangu.

Marthe hasemi nami. Mwenze ananisalimu kwa kichwa tu, akiwa na hakika kwamba mkewe haoni. Tantine aliuliza kama nina ugonjwa wa kificho.

Baba peke yake hakuuliza nilikuwa wapi. Aliuliza, "Ulikula?"

Nikasema ndiyo. Si kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Baba ameondoka leo na treni ya Lubumbashi. Tantine amemsindikiza.

Kabla hawajatoka nyumbani Amisa alikuja na ile picha ya familia, ameichapisha kubwa. Baba aliisogeza mpaka ikagusa pua. Akawataja wanawe, kidole kikipita juu ya kila mmoja. Kikafika kwenye kiti kitupu.

"Na Nahum? Iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Amisa akakishika kidole cha Baba, akakipeleka juu, pembeni, nyuma ya paa. Tangi. Na juu ya tangi, kitu kidogo cheusi chenye mkono hewani.

"Njo huyu, Papa."

"Anafanya nini kule?"

"Anatupungia mukono."

Baba akafikiri kidogo. "Sawa," akasema. "Basi bote beko." Wote wapo.

Kwa hiyo Amisa aliniona siku ile. Nilimfuata nje nikamwuliza kwa nini aliniona akanyamaza. Akasema hakunyamaza, alimwambia Marthe, na Marthe akajibu: "Umuache." Sina la kuongeza.

Halafu Amisa akasema hii ndiyo picha anayotaka kutuma Lubumbashi, lakini hataituma nisipokubali, kwa sababu nimo ndani yake. Hapo ningeweza kumzuia. Neno "hapana" lilikaa mdomoni mwangu, tamu kama muwa. Kisha nikaona anangoja kweli, kama alivyomsikiliza mchungaji, kama alivyombembeleza Baba na kidole chake, nikashindwa kulitema.

Nilikubali kwa sharti kwamba jina langu liandikwe. Akauliza liandikwe kama nani. Nikasema msaidizi wa juu. Hakucheka. Angecheka, ingekuwa nafuu.

Na mimi nimetuma yangu. Waya. Nimeuita "Umbali".

Jumatatu, 28 Julai

Picha zimetoka. Ya Amisa iko mbele ya zote. Chini yake ameandika maneno machache: baba anamwekea mwanawe nafasi. Kisha jina langu, msaidizi wa juu. Watu hawaishi kuandika. Mwanamke wa Likasi anasema amelia ofisini. Mwingine anauliza yule fundi wa maji juu ya tangi anampungia nani. Wengine wote wamelishika hilo. Leo sokoni muuza samaki aliniuliza, kwa heshima, maji yatarudi lini.

"Umbali" haikutoka. Walinijibu kwamba huenda faili langu liliharibika njiani, nitume tena.

Studio imemchukua Amisa. Anaondoka wiki ijayo. Alikuja kuniaga na kuniachia harusi aliyokuwa ameahidi kupiga Kaniama, watu wa ng'ombe na mahindi. Amewaambia mimi ni mwenzake wa siku nyingi na ninaiweza kazi. Nilimwambia nitafikiri, maana mimi si wa kupokea makombo. Alipofika kwenye geti nilimwita nikasema nimeshafikiri.

Jioni Marthe alipiga simu. Alikuwa ameiona picha mtandaoni. Kisha akasema Mwenze ameleta samaki, bukari, ugali wetu, iko tayari, nije nile. Nilikwenda. Hatukuzungumza habari ya picha. Nilirudia sahani mara mbili.

Jumapili, 3 Agosti

Baba amerudi. Jicho la kulia limefunguka. Anapita nyumbani akitazama vitu: ufa wa ukuta, sufuria, picha ya marehemu Mama. Mbele ya Mama alisimama hadi tantine akamletea kiti.

Kisha akaniita uani. Alinitazama kwa muda mrefu nikaanza kuona haya. Akasema nimefanana na Mama kuliko alivyodhani. Miaka hii yote, alisema, alikuwa akinijua kwa sauti na kwa hatua, uso alikuwa akijikumbushia wa utotoni.

Akaomba kamera. Hajawahi kupiga foto maishani mwake. Anataka ya kwanza iwe yangu, mimi peke yangu, kwa jicho lake jipya.

Nilimwonyesha pa kubonyeza. Nikamweleza habari za mwanga. Nikamwambia asogee kushoto, ainue kidogo, mstari wa paa uwe sawa, kama anaweza apige magoti.

"Nyamaza, mutoto," akasema. "Niko nakuona."

Akabonyeza. Akanirudishia kamera kwa mikono miwili, akaingia ndani akilipangusa jicho. Daktari amemkataza kulipangusa. Nilimkumbusha.

Nimeitazama picha yenyewe sasa hivi. Imelala upande. Kidole chake kimeziba pembe nzima, na mimi nimepanua mdomo, nafundisha. Kitaalamu haina lolote. Kadi ya kamera imejaa, na Jumamosi niko Kaniama, ambako wamenihakikishia kwa simu kwamba kanisa lina mnara. Picha ya Baba nimeifuta.