Mpiga Picha Rasmi wa Nyuki wa Kabiria

Jumatatu, 4 Agosti

Leo bahati imenijia mbio! Kocha Obuya wa Nyuki wa Kabiria, ile timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minne, anatafuta mpiga picha. Jumamosi wanacheza fainali ya mashindano ya likizo. Jumapili kipa wao, Ivyne, anahamia Kakamega kwa mama yake, aliyepata kazi huko. Wasichana hawa wamekua pamoja, na sasa wanaachana. Kocha anataka picha moja kubwa ya wote, itundikwe kwenye ukumbi wa kanisa. Atakayeipiga ndiye atakuwa mpiga picha rasmi wa ligi nzima ya vijana!

Kikwazo ni kimoja: mpiga picha mwenzangu Nanjala. Ana kamera mbili na kizibao chenye mifuko kila mahali. Mna nini ndani ya mifuko hiyo? Hakuna ajuaye. Mimi nina kamera moja, nzuri kabisa, ila haipendi baridi. Na huu ni Agosti, mwezi wa baridi.

Kocha aliniuliza kuhusu uzoefu wangu. Nikamwambia nimezipiga picha timu nyingi za nje. Nilimaanisha nje, uwanjani, penye vumbi. Yeye akaelewa ng'ambo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikumsahihisha.

Jumanne, 5 Agosti

Picha ya majaribio. Nilichukua pazia jeupe la sebuleni kwa dada yangu Waceke, ninayekaa kwake hapa Uthiru. Yeye alikuwa kazini. Nikamweleza Kocha kwamba huko nje hakuna timu inayopigwa picha bila kitambaa nyuma. Nikalifunga kwenye mwamba wa goli. Wasichana wakajipanga, vifua mbele. Picha ya kihistoria!

Upepo ukaja.

Pazia liling'oka, likafunika safu yote ya nyuma, pamoja na Kocha. Akatembea akiwa amevingirishwa kichwa hadi kiunoni, mpaka akagonga mlingoti. Mimi nikaendelea kubonyeza. Fundi wa kweli hasimami!

Matokeo: safu ya mbele inacheka, safu ya nyuma ni zimwi moja lenye miguu mingi. Kocha akasema kwa upole, huku akijipapasa paji la uso, kwamba Jumamosi atamwita Nanjala pia. Mwenye picha bora achukue kazi.

Nimejitoa kwenye kundi la WhatsApp la timu kwa hasira. Hakuna aliyeuliza kulikoni.

Waceke ameuliza pazia liko wapi. Nimesema linafuliwa. Litafuliwa.

Jumatano, 6 Agosti

Manyunyu kutwa. Kamera imekataa kuwaka. Nikaingia nayo chini ya blanketi, nikaikumbatia. Imewaka! Na tukiwa humo humo, wazo likanijia. Wazo kubwa!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia Nanjala simu. Nimeikaza sauti, nimeifanya nzito, ya mtu mwenye ofisi na kitambi. Nikasema ninaongea kwa niaba ya kamati ya mashindano. Fainali imehamishwa kutoka Kabiria hadi uwanja wa Jamhuri. Afike mapema, tafadhali.

Nanjala akasema, "Asante sana, mheshimiwa."

Mheshimiwa! Nimeruka juu ya kitanda hadi ubao mmoja ukakatika.

Ijumaa, 8 Agosti

Mvua kubwa. Jioni ilipopungua nilikwenda Kabiria kuchagua pa kusimama kesho. Nikamkuta Ivyne peke yake golini, glavu mkononi, akiangalia tu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anaaga milingoti.

Kisha akaniomba kitu. "Kesho unipige picha nikiwa hewani. Mum hajawahi kuniona nikicheza. Anadhani kipa ni mtu wa kusimama tu."

Nikamwahidi. Nikamwambia ikibidi nitalala chini kwenye matope nyuma ya goli, lakini picha hiyo ataipata. Na nilimaanisha. Nimerudi nyumbani nikipenga kamasi njia nzima. Pengine ni homa.

Jumamosi, 9 Agosti

Ee Mungu wangu!

Nilifika Kabiria mapema. Uwanja ulikuwa ziwa. Bata wa mtu walikuwa wakiogelea penye duara la katikati. Timu hakuna, refa hakuna. Jirani mmoja akanionea huruma: kwa sababu ya mvua fainali imehamishiwa Jamhuri. Wametangaza usiku kwenye kundi la WhatsApp.

Jamhuri! Niliuona unabii wangu ukitimia bila mimi!

Nikarukia bodaboda. Tulipofika mechi ilikuwa imeisha sare, wako kwenye penalti. Imebaki moja. Ivyne akiizuia, Kabiria ni mabingwa. Na kando ya goli, mahali pazuri kuliko pote, alikuwa Nanjala. Alikuwa hapo tangu asubuhi.

Nikakimbia. Nikapita waamuzi, nikapita wazazi, nikajitupa kifudifudi nyuma ya wavu. Ahadi ni ahadi! Mpigaji akakimbilia mpira, nami nikabonyeza. Nilisahau kuzima taa ya kamera. Ikamwakia mpigaji machoni, pwaa! Mpira ukaenda polepole, Ivyne akaudaka akiwa amesimama wima.

Wasichana walianza kushangilia. Refa akapuliza kipenga. Irudiwe! Na yule bwana pale atolewe!

Ivyne aligeuka akanitazama. Afadhali angenitukana.

Kocha alinikamata ukosi akanikokota. Nikasikia kishindo cha mguu na mpira. Nikajipindua nikabonyeza. Kisha uwanja mzima ukalipuka. Ivyne ameruka! Ameizuia tena! Kocha aliniachilia ghafla nikaanguka, halafu akanikumbatia hapo hapo chini, sote tukipiga kelele kama wendawazimu.

Nimeiangalia picha yangu. Ni sweta ya Kocha. Inaonekana vizuri sana.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada tulimsindikiza Ivyne. Nanjala alikuwa amekuja na picha mbili kubwa. Ya kwanza ni ya timu, wote, na kombe. Ya pili ni Ivyne hewani, mwili umelala juu kama ubao, mpira kwenye ncha za glavu. Nyuma yake, kwa ukungu kidogo, mimi ninakokotwa mdomo wazi.

Ivyne alicheka hadi akakaa chini. Akamtumia mama yake nakala. Mama akapiga simu papo hapo, akilia kwa furaha, kisha akauliza ni nani huyo anayekamatwa.

"Huyo ni Mbuthia," Ivyne akasema. "Yeye ndiye mpiga picha."

Nilitazama pembeni nikafuta macho. Ni vumbi tu: Kabiria kuna vumbi hata baada ya mvua.

Nanjala akaninong'oneza, "Umefurahia fainali, mheshimiwa?" Kumbe namba yangu anayo. Ameiandika "Mbuthia Pazia".

Jumatatu, 11 Agosti

Ligi imempa Nanjala kazi. Hakunisengenya kwa yeyote. Badala yake amenialika niwe namshikia mwavuli, nijifunze pole pole. Mwanamke muungwana. Nimekubali, na nimetafakari sana kuhusu tabia yangu. Nimeona kosa langu waziwazi: ningetumia simu ya Waceke.

Lakini sikieni! Adhuhuri nimepata habari kwamba Mwalimu Veronicah, mkufunzi wa timu ya watoto waogeleaji, anatafuta mpiga picha. Nimempigia mara moja. Akauliza kama ninaweza kupiga picha chini ya maji. Nimemwambia chini ya maji ndiko nyumbani kwangu. Kamera itakaa ndani ya mfuko wa mkate, umefungwa kwa ukanda wa mpira mara mbili. Mazoezi ni Alhamisi, na nimeahidi kuwa wa kwanza kuruka ndani, upande wa kina kirefu!

Kuogelea kwenyewe nitajifunza Jumatano.