Kitanda Kilichoisha Vitabuni

Jumatatu, 3 Novemba

Mhasibu Mkuu ameanza likizo ya uzazi. Kaniachia kompyuta, kabati la mafaili, na onyo kwamba nisiguse nisichokielewa. Nikimtii sitakuwa na kazi ya kufanya.

Ofisi nzima ni yangu. Chini, mafundi wanashona magodoro. Vumbi la pamba linapanda mpaka dirishani kwangu, linaelea kwenye jua, halina haraka ya kutua. Mimi pia sina.

Saa nne Dada kapiga simu. Nyonga yake inataka matibabu ya miezi mitatu, na hospitali yenyewe iko huku kwetu. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwambia karibu sana Dada, kila kitu tayari. Nikakata simu, nikakumbuka kwamba nyumbani tuna kitanda kimoja, na tunakilalia mimi na mke wangu.

Dada ndiye aliyenilea. Nilipokuwa nasomea cheti cha uhasibu alinipa kitanda chake ili nisome vizuri, yeye akalala sakafuni miaka miwili. Leo nina miaka saba kwenye kiwanda cha magodoro na sina pa kumlaza. Aibu hiyo inatosha mstari mmoja.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefungua orodha ya mali za kampuni. Ukurasa mtamu kuliko nilivyotegemea! Kila kitu kimeandikwa bei yake ya kununuliwa, miaka kinayotegemewa kutumika, na kiasi kinachokatwa kila mwaka. Uchakavu, ndivyo wanavyouita. Kuusoma ni kama kutazama sabuni kwenye kisahani chenye maji. Huoni ikipungua, lakini inapungua.

Samani, mstari wa kumi na nne: kitanda cha maonyesho. Kile kilichopo chumba cha mauzo, chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua. Kilinunuliwa laki nane. Miaka minane. Laki moja kila mwaka. Mwaka huu ni wa sita, kwa hiyo kimebakiwa na laki mbili tu vitabuni.

Mchana nikashuka kukikagua. Ukaguzi ulihitaji nijilaze. Nikakiona kitanda kinatoa laki zake moja moja, kama mvuke, kinazidi kuwa chepesi, mpaka miguu ikaachana na sakafu. Nikakifunga kamba nikakivuta mpaka nyumbani, kinaelea nyuma yangu, watu wanatupisha njia, na Dada yuko mlangoni kaweka mkono kifuani.

Aliyeniamsha ni mtunza stoo. Wote tunamwita Funguo, kwa lile shada la funguo kiunoni. Kwa kawaida unamsikia kabla hujamwona, leo hata hilo sikulisikia. Akaniuliza kama nahesabu mali au nami ni mojawapo. Halafu akaupapasa ubao wa kichwani, taratibu, maua yote. Mkono ule sikuupenda.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango umekamilika. Kitu kikifika sifuri vitabuni, hakina bei. Kisicho na bei hakiuzwi. Kisichouzwa hakiibiwi. Kinachukuliwa tu, kwa barua ya heshima. Tatizo ni ile miaka miwili iliyobaki, na nyonga ya Dada haiwezi kuisubiri.

Nikafuta nane, nikaandika sita. Tarakimu moja tu. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Sijaulizwa swali hilo tangu siku ya harusi yangu. Nikabonyeza ndiyo.

Kitanda: sifuri. Sifuri nzuri, ya mviringo. Nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Likabaki suala la usafiri. Nikafikiri: kama kila mwaka imekatwa laki moja kwa ajili ya kitanda, basi lazima laki kadhaa zimelala mahali. Nikashuka kwa mama wa kasha la fedha, nikaomba kwa adabu mfuko wa uchakavu, niazime kidogo nikodi gari. Akaniuliza uko kwenye droo ipi. Nikasema ile ya uchakavu. Akafungua zote tatu mbele yangu: mihuri, raba za kufungia karatasi, kitana chake. Akanieleza kwamba fedha ya kitanda ilitoka yote siku kiliponunuliwa, na kinachokatwa kila mwaka ni maandishi, hakuna shilingi inayohama. Nadhani ana droo ya nne.

Ijumaa, 7 Novemba

Bosi ameona rasimu ya hesabu za mwaka. Juzi faida ilikuwa milioni tisa. Leo ni moja. Akaniita, akataka kujua milioni nane zimeenda wapi. Nikasema naangalia.

Nikaangalia. Kumbe kompyuta haikukizeesha kitanda peke yake. Ile nane ilikuwa ya kundi zima, kwa hiyo imezeesha samani zote! Rafu za stoo, meza za kukatia, vigoda vya mafundi, hata kiti nilichokikalia. Vyote viliingia siku moja, kiwanda kilipohamia jengo hili. Vyote vilipangiwa miaka minane, na sasa vyote vimekufa katika wa sita. Gharama iliyopaswa kugawanywa mwaka huu na miwili ijayo imeangukia mwaka huu mzimamzima. Nilipoelewa hivyo nikahisi kiti kinalainika chini yangu, kana kwamba nacho kimepata habari.

Saa tano Bosi akashuka kuwaambia mafundi kwamba bahashishi ya mwisho wa mwaka haitakuwepo. Mashine zikazima moja baada ya nyingine. Kimya. Na lile vumbi la pamba likaanza kushuka, lote kwa pamoja, juu ya meza, juu ya mabega yao. Miaka saba sijawahi kuliona likitua.

Nikaenda mpaka mlangoni kwa Bosi ili nikiri. Nikamsikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba hata paa lake itabidi lisubiri. Nikarudi. Mimi si mtu mbaya. Milango tu ndiyo hunishinda.

Jumatatu, 10 Novemba

Mkaguzi wa hesabu amefika. Mama mdogo wa umbo, viatu vya chini, penseli moja. Robo saa tu, kidole chake kikasimama kwenye ile sita. Akauliza nani kaamua samani zinaishi miaka sita. Nikajibu kwamba ni uzoefu. Akasema twende akazione.

Tukashuka pamoja, mafundi wananitazama. Akakalia vigoda kimoja kimoja. Akatikisa rafu. Akakibonyeza kitanda cha maonyesho kwa viganja viwili, hakikulia hata kidogo.

“Uchakavu si bei ya sokoni, mwanangu,” akasema. “Ni gharama ya kununua, tunaigawa kwa miaka ambayo kitu kinatufanyia kazi. Miaka unaweza kuibadilisha, lakini uwe na sababu. Yako ni ipi?”

Nikamwambia ni dada yangu. Nikamweleza nyonga, nikamweleza na sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, penseli imetulia.

Nikamuuliza kitu kikifika sifuri kinakuwa cha nani.

“Cha kampuni, kama jana. Kinakaa palepale kinafanya kazi yake. Sifuri maana yake tumemaliza kugawa, basi.”

Akairudisha nane kwa mkono wake. Milioni nane zikarudi kimya kimya, kama wageni waliokuwa wametoka kunyoosha miguu. Bahashishi imerudi pia. Salamu za mafundi bado.

Jumatano, 12 Novemba

Nilitegemea barua ya kufukuzwa. Bosi kanipa adhabu mbili tu. Ya kwanza, nikawaombe radhi mafundi. Ya pili, orodha ya samani nisiiguse tena.

Nikasimama katikati ya mashine nikaomba radhi. Fundi mkubwa wa pale, mama mtu mzima tunayemwita Sindano, akaniuliza kitanda nilikitakia nini. Nikamweleza. Wakatazamana.

“Sasa si ungeomba?” akasema.

Nikamfahamisha kwamba mambo ya mali za kudumu hayaendi hivyo.

Saa tisa nikasikia funguo zikilia uani. Nikachungulia dirishani. Funguo na madereva wawili wamebeba kitanda cha maonyesho, wanakipandisha garini! Nikashuka ngazi mbili mbili. Kumbe asubuhi Funguo alimsimamisha Bosi koridoni, akamuuliza kama kile kitanda bado anakihitaji. Bosi akasema hapana, kimemgonga goti miaka sita, chukua. Sentensi moja! Koridoni! Na zile laki mbili zilizobaki vitabuni nimeamriwa nimsomee mkaguzi aziandike hasara. Nilizisoma kwa sauti ya msiba.

Nikiwa bado nimesimama uani, Funguo akaniambia kwamba kitanda chake cha zamani sasa kitamjazia chumba, kama nina pa kukiweka atakishusha kwangu akipita. Hakunitazama usoni. Nadhani Sindano amempelekea maneno. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka nimwelekeze njia.

Nimefikiri jioni nzima hila yake ni ipi. Bado sijaiona. Inaelekea ni ya kina sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Dada amefika. Amepungua, na gongo limemzidi kimo. Mke wangu akampokea begi, mimi nikamshika mkono mpaka chumbani. Kitanda cha Funguo ni cha chuma, rangi imebanduka, lakini mafundi wametuma godoro jipya bila kusema limetoka wapi. Dada akalibonyeza. Akakaa. Akanyoosha mguu mbaya polepole, akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka kama wa zamani.

Nikamsimulia yote, kuanzia mvuke mpaka koridoni. Alifumba macho akisikiliza.

“Miaka saba uko pale na watu wote wale,” akasema. “Hukumwona hata mmoja wa kumwomba?”

Kabla sijajibu, usingizi ulikuwa umeshamchukua. Usingizi wa kweli, mdomo wazi kidogo. Pazia lilivimba na kunywea, likivuta upepo pamoja naye. Saa nane ya mchana, nyumba nzima inapumua. Nikakaa pembeni yake muda mrefu nikiyatafakari makosa yangu.

Nimeyaona. Kosa lilikuwa miguu. Kitanda kina miguu minne na kichwa, kila mtu anakiona kinapopita. Lakini Bosi, aliponiondoa kwenye samani, amenipa ukurasa mwingine, wa mali zisizoshikika, akisema huko hakuna cha kubeba. Kuna mstari mmoja tu: haki ya kutumia fomula ya sponji, iliyonunuliwa miaka tisa iliyopita, inakatwa fungu moja la kumi kila mwaka. Mkaguzi alinieleza kwamba ni uchakavu uleule, ila wa vitu ambavyo mkono hauvifikii. Mwakani inafika sifuri.

Haina uzito. Haina maua ya kuchonga ya kumvutia mtu yeyote mwenye funguo. Haiwezi kumgonga Bosi goti. Nikifumba macho naiona ikipungua, inang'aa, inakuwa hewa, na mimi natoka nayo getini saa kumi na moja mchana kweupe, mikono yote miwili mitupu, namwambia mlinzi jioni njema, naye ananifungulia.