Mtamba wa Mzee Ndaki

Alhamisi, 3 Julai 2025

Habari zimethibitika. Mzee Ndaki, baba mkwe wangu, atatoa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, siku ya Sabasaba. Atampa mkwe atakayeonyesha kuwa anaelewana na ng'ombe. Mke wangu Mbuke kaambiwa na mama yake kwenye simu. Tunakwenda familia nzima, shambani kwake mlimani, nyuma ya Didia. Mbuke anaita matembezi. Mimi naita usaili.

Mshindani ni mmoja tu. Davis, mwanyumba wangu, mume wa dada yake Mbuke. Anauza dawa za mifugo Kagongwa. Anamtazama ng'ombe machoni na kutaja ugonjwa. Mimi nauza viatu hapa Nyasubi, na nimekulia Tanga jirani na stendi ya mabasi. Ng'ombe namjua kwa upande wa mchuzi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefanya utafiti. Mteja mmoja mfugaji amekuja kununua raba, nikamuuliza ng'ombe anapenda nini. Chumvi, akasema. Atakufuata popote.

Sikuhitaji kusikia zaidi. Nimenunua chumvi ya mawe, nimeiponda, nimejaza mifuko yote minne ya suruali. Ng'ombe watanifuata bila fimbo, Mzee atadhani ni mapenzi. Mbuke kauliza mbona suruali inanishuka. Nimemwambia nimekonda.

Jumamosi, 5 Julai

Tumefika saa nne asubuhi. Mlima wote ni majabali yaliyopandana, nyasi zimeota katikati, na ng'ombe wametapakaa hadi juu. Binti yetu Safiya, miaka saba, kavua viatu palepale na kuwafuata ndama. Viatu vipya, kutoka dukani kwangu.

Nilimwamkia Mzee kwa Kisukuma. Mwangaluka. Akaitika vizuri, kisha akaongeza maneno mengi. Nikakubali yote kwa kichwa. Mbuke kaniambia baadaye nilikuwa nimeulizwa kama miguu inaniuma, kwa jinsi ninavyotembea. Sasa Mzee anajua nina ugonjwa wa miguu. Kaagiza nichemshiwe majani.

Mama mkwe hakunitazama usoni hata mara moja. Mbuke anasema hiyo ni heshima, mkwe hatazamwi.

Davis kakagua kwato za ng'ombe tisa kabla ya chakula cha mchana. Kujionyesha tu.

Jumapili, 6 Julai

Mpango umefanya kazi. Umefanya kazi kupita kiasi.

Ng'ombe walipotolewa zizini nilisimama njiani, mikono nyuma. Jike jeupe akaninusa. Akalamba mfuko. Nikaanza kutembea, naye akanifuata, na wengine wakamfuata yeye. Arobaini hivi. Mzee alisimama akavua kofia. Davis alisahau kujionyesha, mara ya kwanza tangu nimjue. Nilitembea hatua ishirini za heshima kubwa.

Kisha yule mweupe akaingiza ulimi mfukoni. Mwingine akavuta mfuko wa nyuma kwa meno. Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Nikakimbia. Miguu yangu migonjwa ilishangaza watu wote.

Nilipanda juu ya jabali pana. Sikujua kwamba mama mkwe alikuwa ameanika michembe hapo, viazi vyake vyote vya kukausha, chakula cha hadi masika. Sikujua pia kwamba kwa upande wa pili jabali limelala chini kabisa. Ng'ombe walijua. Walipanda, wakaiona michembe, wakanisahau.

Mama mkwe alitokea na ungo. Akatazama pembeni. Sijui kama ni ile heshima au ni hasira. Kwa nje vinafanana kabisa.

Jioni Mzee alinipiga begani akasema neno refu la Kisukuma, watu wote wakacheka. Nami nikacheka, ili nisionekane sijaelewa.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Kikao mbele ya zizi. Mtamba mwekundu kafungwa kamba, mzuri sana. Mzee alizungumza Kisukuma muda mrefu. Nilihesabu: jina la Davis mara nne, langu mara moja.

Sikuvumilia. Nikauliza kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mtamba anakwenda kwa Davis.

"Davis?" alisema Mzee. "Yaya."

Nikaelewa papo hapo. Davis ndiye atakuwa yaya. Atamlea mtamba, kama wanavyolelewa watoto wa matajiri. Damu ikanipanda. Nikasimama.

"Baba, hata mimi sikumtaka huyo mnyama," nilisema. "Nilikuja kutembea tu."

Mbuke akajifunika uso kwa kanga. Mzee akauliza, kwa Kiswahili safi, kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza tena. Nikasema tena, kwa sauti.

Akafikiri kidogo. Akamwita Safiya, ambaye siku tatu zote alikuwa na ndama, na kumkabidhi kamba. Mtamba atabaki mlimani, mwenyewe ni Safiya. Davis naye alionekana kachanganyikiwa. Hilo lilinifariji.

Njiani, tulipofika Isaka, Mbuke akasema, "Baba Safiya, kwa Kisukuma yaya ni hapana. Davis alikuwa anakataliwa. Mtamba aliyepewa mwaka juzi alimchinja."

Nikamuuliza, sasa mtamba alikuwa wa nani?

"Wako. Baba alisema mtu aliyekimbizwa na ng'ombe arobaini asiwarushie hata jiwe moja, huyo hawezi kumtesa mnyama."

Nilitazama nje ya dirisha hadi nyumbani. Sikuwarushia mawe kwa sababu mikono ilikuwa imeshika suruali. Hilo sikumwambia.

Jumatano, 9 Julai

Nimetafakari siku mbili dukani. Mbuke ananishauri: siku nyingine nisichokielewa nikiulize kabla sijajibu. Ushauri mzuri kwa mtu asiyeelewa mambo.

Leo mchana Mzee kapiga simu. Mizinga yake ya nyuki ya juu mlimani imejaa, anatafuta mkwe wa kwenda kurina asali. Davis kasema ana safari. Nimekubali kabla Mbuke hajaifikia simu. Mzee akaanza kueleza namna ya kuvaa na kutumia moshi, nikamwambia asijisumbue, mambo hayo nayajua.

Nitajipaka manukato ya maua mwili mzima, wanizoee mapema. Nyuki ni wadogo sana, na hawana pembe.