Jino Langu Lihesabiwe Kwenye Mahari

Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Oktoba 2001

Kwa Papa Télesphore, baba mukwe wangu wa kesho, Mumosho

Papa muheshimiwa,

Nakusalimu kofia mukononi na mudomo umefungwa.

Siku nilipokuja kujitambulisha kwenu, shangazi wa binti yenu Godelive, Maman Eulalie, alisema mbele ya wazee wote kwamba bwana-arusi huyu akicheka, kwenye pengo la jino lake mutu anaona mupaka kisiwa cha Idjwi. Aende kwanza kuziba ule mulango, ndipo mupange siku ya ndoa. Wote mulicheka. Mimi pia nilicheka, na hapo ndipo niliharibu.

Basi nimemuona daktari wa meno. Anasema jino la kuvaa na kuvua linabaki ndani ya bugali. Lile la kudumu linafungwa na visi, ile skurubu ya chuma, kwenye mufupa wa taya, kule Nairobi. Nilipouliza bei, alinivutia kiti. Pamoja na ndege, ni bei ya ng'ombe tano. Nanyi mahari munaomba nne. Kwa unyenyekevu, naomba jino lipokelewe kama mahari yote:

1. Mimi ni fundi wa redio. Nina mukebe muzima wa visi, na hakuna hata moja yenye bei ya kuku. Nilijipima moja mbele ya kioo. Niliirudisha.

2. Jino hili mumeliomba nyinyi, na atakayelitazama kila siku ni Godelive. Mimi mwenyewe sitaliona, liko nyuma ya mudomo wangu.

3. Tuko katika vita. Ng'ombe za jirani yangu Akonkwa ziliondoka na wenye bunduki, pamoja na kamba. Jino la visi halifukuzwi barabarani. Kwenye bariyeri ya askari njiani nitanyamaza tu, na mahari yenu itapita salama.

4. Watu wanadhani jino langu lilivunjwa na kitako cha bunduki, wananipisha mbele kwenye bomba la maji. Kumbe ni jiwe ndani ya maharagwe ya msaada. Nikiziba, napoteza heshima yote ambayo vita imeniletea. Hasara hiyo hata sijaihesabu.

5. Tano kutoa nne, inabaki ng'ombe moja ya kunirudishia mimi. Hiyo nawasamehe. Ndoa si biashara.

Bila jino, nakosa Godelive. Nikinunua jino, nakosa ng'ombe, na Godelive namukosa vilevile. Muzee, unisaidie.

Salamu kwa mama mukwe, Maman Rosette, kwa wazee wote waliocheka, kwa Maman Eulalie kipekee, na kwa ng'ombe zenu kama bado ziko.

Ni mimi, mukwe wenu mukikubali,
Aloys, fundi wa redio

N.B. Godelive amepita hapa akitoka sokoni, nikamusomea barua hii. Munajua anavyofunika mudomo na mukono akicheka. Mwaka muzima nimesifu malezi yenu kwa hilo. Kwenye namba tano alicheka mupaka mukono ukaanguka. Papa, anakosa meno mawili, na ya mbele! Tulicheka wote wawili, milango wazi, mupaka jirani akapiga ukuta. Uchane barua hii. Ng'ombe zote nne nitazitafuta. Mutupangie siku ya ndoa tu, na maharagwe yachambuliwe vizuri.